Fizio ya misuli ya chini, Kisumu: nyota nne, ile ya tano nimenyima juu ya pazia

Nianze na aibu yenyewe ndio tukishamalizana nayo tuongee vizuri. Niko na miaka 38, watoto watatu, nauza viatu vya mitumba hapa soko la Kibuye, na kwa karibu miaka 4 mkojo umekuwa ukinitoka bila ruhusa. Si ile ya kulowesha kitanda, hapana. Ni ya kuponyoka kidogo. Napiga chafya, umetoka. Nacheka, umetoka. Boda inaruka tuta pale Kondele bila kupunguza mwendo, umetoka, na mwenye boda anashangaa tu mbona huyu mama alikuwa anaongea hivyo na sasa amenyamaza kama amefiwa. Kanisani wakati wa sifa wenzangu wanaruka, mimi nimesimama kama nguzo ya stima napiga makofi, mpaka siku moja nikaombewa roho ya uzito initoke.

Sketi zangu zote zikawa nyeusi au za bluu iliyoiva. Pedi nilikuwa nanunua pakiti mbili kwa wiki na hedhi hata haiko karibu. Na sikumwambia mtu, kwa sababu utaanzia wapi.

Sasa hii naandika ni ya kliniki ya fizio, wale wanatibu misuli kwa mazoezi, hapa mjini, ambayo kuna dada mmoja anashughulikia misuli ya sakafu ya nyonga tu, ile ya chini inayobeba kibofu na kizazi, yaani hana habari na mgongo wako wala goti lako. Jina la kliniki siweki, kwa sababu kuna mahali nitawachapa hapa chini na sitaki mtu apoteze kazi. Ukitaka kupata huduma kama hii ingia kliniki yoyote ya akina mama, uliza nesi ni wapi kuna fizio wa afya ya wanawake, sema hivyo hivyo. Mimi nilielekezwa na nesi wa chanjo, nilikuwa nimepeleka kitinda mimba wangu sindano, nikapiga chafya nikiwa nimembeba, akaniangalia usoni akajua.

Lakini kabla ya huyo nesi nilikuwa nimezunguka. Daktari wa kwanza, mahali sitataja, alinipa dakika tatu hivi akasema mama umezaa watatu, ulitarajia nini. Nikalipa na kwenda. Shangazi yangu akaniambia nikae kwa beseni la maji moto na chumvi jioni, nikakaa wiki mbili, kitu nilipata ni makalio laini. Mwanamke mmoja wa soko akaniuzia vile vijiti vya kukaza, 300, ati unaweka huko ndani na utakuwa kama msichana. Nikaweka mara moja nikawashwa siku nne. Halafu nikaingia kwa simu, na huko nikapata video za kubana, bana hesabu tano, achilia, bana, achilia, nikasema hii ndio dawa na ni ya bure. Nimebana miaka 2 jameni. Nimebana kwa matatu, nimebana kwa foleni ya benki, nimebana nikipanga viatu. Na mambo yakawa mabaya zaidi. Wekeni hiyo mahali, tutairudia.

Kliniki iko ghorofa ya pili na hakuna lifti. Hapo sijaelewa kabisa. Wateja wenyewe ni watu wa kizazi kushuka, mama amezaa wiki sita zilizopita, mzee ametoka upasuaji, halafu unawapandisha ngazi. Sawa. Nikafika juu nikihema, nikampa msichana wa mapokezi jina, akaangalia kwa kitabu chake halafu akauliza kwa sauti ya mtu wa kuita abiria, "Wewe ndio ule wa mkojo?" Watu sita kwa benchi. Kulikuwa na mzee mmoja na kofia yake, akaangalia televisheni kwa bidii na televisheni ilikuwa imezimwa.

Nilitaka kushuka ngazi zile. Kitu kilinizuia ni kwamba nilikuwa nimeshatuma pesa kwa M-Pesa.

Fizio mwenyewe ni msichana, mdogo wangu kabisa, lakini nilimwita daktari tangu mwanzo na akaniita mama Otis, kama watu wanaoheshimiana. Nilidhani nitaambiwa nipande kitanda mara moja. Wapi. Nusu saa nzima ni maswali. Swali la kwanza kabisa ndilo nilikuja kuelewa baadaye lilikuwa muhimu kuliko yote: je, mkojo unavuja mchana na usiku bila kukoma, hata ukiwa umelala tu hujakohoa? Nikasema hapana. Akasema vizuri, kwa sababu ule wa kutiririka bila kupumzika, hasa kwa mama aliyekaa kwa uchungu siku mbili mtoto amekwama, unaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na hiyo haina mazoezi, hiyo ni hospitali kubwa na upasuaji. Mtu wa fistula kuambiwa abane ni kupotezewa wakati. Akauliza pia kama nimeona damu kwa mkojo, kama kuna maumivu, kama mkojo unakataa kuanza, kama miguu inakufa ganzi. Halafu akanituma maabara mkojo upimwe kwanza, juu wakati mwingine ni maambukizi tu na mtu anahangaika na misuli bure. Yule daktari wa dakika tatu hata kikopo hakunipa.

Baada ya hapo akatoa leso kwa droo. Leso ya kawaida, maandishi yamefifia. Akanipa ncha mbili nishike, yeye mbili, tukainyoosha katikati yetu. Akasema huku kwangu ni mfupa wa mbele, ule unaugusa ukishuka kutoka kitovu mpaka mwisho. Huku kwako ni kifandugu. Misuli imetandazwa hapo katikati hivi, si kipande kimoja, ni kadhaa zimepishana, na kazi yake ni kubeba. Akaweka juu ya leso chupa ya maji nusu, akasema hiki ni kibofu. Katikati akaweka embe dogo limegeuzwa kichwa chini, hicho ni kizazi. Nyuma akaweka karatasi ya choo bado imeviringwa, huo ni utumbo wa haja kubwa. Halafu akaniambia legeza kidogo. Nikalegeza, chupa ikazama mbele na embe likaifuata. Akasema, "Hiyo ndio jioni yako, mama Otis, ile unaniambia unasikia kama umekalia kitunguu."

Hakuna mtu alikuwa ameniambia hilo kitu lina sababu. Nilidhani ni uchovu.

Akaendelea kunionyesha kwa ule mfano wa nyonga wa plastiki kwamba hiyo leso ina njia zinazopita, kwa mwanamke tatu, mkojo, uke na haja kubwa, na kwa mwanamume mbili, na misuli inazizunguka kama kamba ya suruali, ukivuta zinafunga, ukilegeza zinafunguka. Kwa hivyo kazi si kubeba tu, ni kufunga na kufungua kwa wakati wake, na ya tatu ni mambo ya ndoa, ambayo aliniuliza bila kupepesa jicho na mimi nikajibu nikiangalia dirisha. Kuna neva inaitwa pudendali inatoka kwa mgongo huko chini kabisa, sehemu ya sakrali ya 2 mpaka ya 4, ndiyo inatuma amri kwa hii misuli, na mtoto akipita misuli inavutika na hiyo neva pia inaweza kuvutika. Otis alikuwa kilo 4.2 na nilimsukuma mpaka alfajiri. Nilipomwambia hivyo aliandika na kupiga mstari chini.

Sasa kipimo chenyewe. Naandika wazi kwa sababu najua kuna mtu anasoma hii na hicho ndicho kinamzuia. Alinieleza kabla: ataingiza kidole kimoja na glavu, nikisema simama anasimama hapo hapo, na kama leo sitaki hatufanyi, atapima kwa juu na tutaongea. Hakunikimbiza. Nikasema fanya tu. Akasema, "Sasa vuta kama mtu amebanwa na hewa na yuko mezani na mama mkwe wake."

Nikabana. Nilibana na miaka yangu 2 yote ya mazoezi, makalio yakainuka, mapaja yakashikana, pumzi nikazuia mashavu yakavimba, nikasema huyu msichana leo ataona kazi. Akangoja. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema pole pole kabisa, "Mama, unanisukuma nje."

Yaani sikuwa navuta. Nilikuwa nasukuma. Ukizuia pumzi na kukaza tumbo, nguvu yote inashuka chini, ile ile ya kuzaa, ile ile ya choo kigumu. Miaka 2 nimekuwa kwa matatu ya Kisumu nikifanya zoezi la kujifungua, mara tatu kwa siku, na nilikuwa nimejiwekea kengele ya simu nisisahau.

Nilicheka mpaka nikalia, na ndio, ukatoka kidogo, na yeye akasema sawa, nimeuona sasa kwa macho yangu.

Kutoka hapo akanifundisha upya. Pumua ndani, tumbo liwe laini. Pumua nje pole pole na wakati pumzi inatoka vuta ndani na juu, kama mtu ananyonya uji mzito kwa mrija, makalio yalale, mapaja yalale. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili hakuna. Mara ya tano nikasikia kitu kidogo sana kimesogea, kama jicho linakonyeza, na yeye akasema "hapo!" kwa sauti mpaka nikashtuka. Akanipa alama 2 kwa 5. Kuna kipimo wanatumia, kinaanza na 0 hakuna kitu kinasogea, mpaka 5 misuli inashika kidole na kukiinua kwa nguvu. Mbili sikufurahia, mimi darasani sikuwa mtu wa mbili, lakini alisema wengi wanaanzia hapo au chini yake.

Na akaniambia kitu ambacho sijawahi kusikia kwa zile video zote. Haya mazoezi yanaitwa Kegel kwa sababu ya daktari Mmarekani, Arnold Kegel, ambaye aliandika habari zake 1948, na huyo Kegel hakuwaambia wanawake nendeni mkabane. Alikuwa anawapima kwa mkono na alitengeneza kifaa cha kuonyesha presha, ili mwanamke aone kwa macho kama ni kweli anavuta. Kupimwa kulikuwa ndani ya dawa yenyewe. Sisi tumebeba jina tukaacha kipimo nyumbani. Hiyo ndiyo sababu kubwa nawapa hawa watu nyota zao, kwa sababu kile kidole na yale maneno matatu, mama unanisukuma nje, vimenisaidia kuliko miaka 2 ya kujitibu kwa simu. Video haiwezi kujua unafanya nini.

Akanikataza pia kitu kingine nilikuwa nafanya, kukatiza mkojo katikati ukiwa chooni kama zoezi. Alisema hiyo inachanganya kibofu na mkojo unaweza kubaki ndani, kwa hivyo chooni ni kukaa, kulegea na kumaliza.

Kazi ya nyumbani nilipewa mbili. Moja ni mazoezi, kuanza na kushikilia sekunde 3, mara 8, mara tatu kwa siku, halafu kuongeza pole pole, na pia zile za haraka haraka vuta achilia, kwa sababu chafya haikungoji ujipange. Akasema tusiulizane kama inafanya kazi kabla ya miezi 3 kuisha, misuli haikui kama sukuma wiki. Ya pili ilikuwa karatasi ya siku tatu, uandike kila unachokunywa na kila unachokojoa, kwa kipimo. Kwa kipimo! Nikachukua jagi la zamani la plastiki lenye mistari, nikaandika juu yake kwa kalamu nene SI YA JUISI, kwa sababu niko na mume na niko na watoto.

Hiyo karatasi ilinifumbua macho, na nitakaa hapa kidogo. Nilikuwa nakojoa mara 15 kwa siku. Na kila mara ni mililita 100, 120, mara moja 80. Daktari akaniambia kibofu cha mtu mzima kwa kawaida kinabeba 400 mpaka 500, na watu wengi wanaenda mara 7 au 8 mchana wote. Mimi kibofu changu kilikuwa kizima, nilikuwa nimekifundisha tabia mbaya. Kila nikitoka nyumbani naenda kwanza, nikifika soko naenda, kabla ya kupanda matatu naenda, hata kama sisikii, ile ya isije ikanikuta njiani. Tuliiita mkojo wa tahadhari. Kibofu kikizoea kumwagwa kikiwa na kikombe kimoja tu, baadaye kikombe kimoja tu kinapiga kelele kama ni jeri. Na kweli mimi nilikuwa na shida mbili zimepandana, ule wa presha wa kukohoa na kuruka, na ule wa kukimbilia, unasikia ufunguo unaingia kwa mlango na hapo hapo hauwezi kungoja. Zina njia tofauti. Ule wa kukimbilia unatibiwa kwa kungoja, ukisikia haja unasimama, unavuta zile za haraka mara tano sita, unafikiria kitu kingine, unangoja dakika 5, wiki ijayo 10, wiki ijayo 15, unasukuma hivyo mpaka ufike masaa mawili na nusu au matatu. Wiki ya kwanza nilimchukia. Mpaka nilihesabu kwa sauti viatu vyote vya mkono wa kushoto.

Halafu akashika kalamu nyekundu akazungushia chai. Vikombe 6, majani mengi, hapo katikati soda. Majani ya chai yako na kafeini, inachokoza kibofu. Akasema tushuke mpaka viwili. Mimi nimetoka boma ambalo mgeni akikataa chai wazee wanaitwa. Nimeshuka mpaka vitatu na hapo tumekubaliana kutokubaliana. Maji hakunipunguzia, alisema nikijinyima maji mkojo unakuwa mkali na kibofu kinawashwa zaidi, na choo kinakuwa kigumu, na choo kigumu ni kusukuma, na kusukuma tunajua kunaenda wapi.

Kwa choo kuna kitu kilinichekesha. Tulihama nyumba ya choo cha shimo miaka 3 iliyopita tukaenda ya choo cha kukalia, na niliona nimeendelea kimaisha. Kumbe kuna msuli mmoja, puborektalisi, unazunguka utumbo wa haja kubwa kama mtu amekunja mkono, unaupinda ili usitoe, na ukichuchumaa unalegea na njia inanyooka. Ukikaa wima kama uko ofisini haulegei sawasawa. Kwa hivyo sai niko na choo changu cha kisasa na kigoda cha dana yangu, yaani nyanya yangu, chini ya miguu, magoti juu, mbele nimeinama. Dana angeniona angeuliza pesa zilienda wapi.

Kubeba pia tuliongea. Jeri la lita 20 ni kilo 20, hakuna kujidanganya, na mimi bado nabeba na magunia ya viatu. Hakuniambia niache, alijua atakuwa ananidanganya. Alinifundisha kupumua nje na kuvuta ile leso kabla tu ya kuinua, na hivyo hivyo kabla ya chafya, unaisikia inakuja, unavuta, ndio unapiga. Hiyo moja tu ya kuvuta kabla ilianza kunisaidia kabla hata misuli haijapata nguvu. Na vile vijiti vya 300 nilimuuliza. Alikunja uso. Vinakausha ngozi ya ndani, na ngozi ikikauka inachubuka na kualika maambukizi, lakini misuli iko nyuma ya ngozi, kijiti hakiifikii. Unanunua ukavu.

Sasa pazia. Vitanda ni viwili chumba kimoja na katikati kuna pazia la kitambaa chepesi, la kijani, halifiki hata ukutani. Ziara yangu ya pili kulikuwa na mama mwingine upande wa pili na fizio mwenzake, na nilisikia kila kitu. Kila kitu. Kizazi chake kimeshuka mpaka anakiona akichuchumaa, na walikuwa wanamweleza habari ya pesari, kipete cha silikoni kinawekwa ndani kushikilia kizazi juu, kinatolewa na kusafishwa, na mtu anaweza kukaa nacho bila kupasuliwa kama kinamfaa. Nimejifunza pesari ni nini kupitia pazia. Ni elimu nzuri lakini haikuwa yangu, na kama mimi nilimsikia ina maana na yeye alisikia mama mkwe, hewa na uji mzito. Watu wanapanda ngazi mbili na siri ya miaka 4, wekeni hata mbao jameni. Nililalamika, nikaambiwa wamesikia.

Rafiki yangu wa meza ya viatu vya watoto alinifuata baadaye baada ya kuniona sifungi sweta kiunoni tena. Yeye shida yake ilikuwa ndoa ina maumivu, mkojo unachelewa kuanza, choo ni vita. Akafikiri ataambiwa abane kama mimi. Akapimwa, akaambiwa misuli yake imekakamaa, haijui kulegea, na kila akibana anaongeza ubaya. Yeye kazi yake ni kulegeza, kupumua mpaka tumbo la chini, kuinama kama mtoto analala kifudifudi, na kukandwa taratibu. Kwa hivyo kwa meza mbili zinazofuatana, mmoja anakaza, mwingine analegeza, na tumelipa bei moja. Ndio maana sitakubali tena mtu aniambie mazoezi ya kubana ni ya kila mtu.

Na yule mzee wa kofia. Ziara ya tatu tukakaa benchi moja, akaniambia bila kugeuka, "Mama, hata mimi ni wa mkojo." Alikuwa ametolewa tezi dume. Tezi dume linakaa chini ya kibofu, na likitolewa ile valvu ya juu inadhoofika, sasa mzigo wa kufunga unabaki kwa hii misuli. Alikuwa anavuta mara tatu kwa siku kama mimi, akisikiliza taarifa ya habari. Nikamuuliza alifundishwaje, akasema aliambiwa avute kama mtu anaingia kwa maji baridi ya ziwa mpaka kiuno. Nikaona hiyo ni bora kuliko ya mama mkwe.

Pesa. Ziara ya kwanza 2,500, zingine 1,800, na nilienda mara 6 kwa wiki 14, jumla 11,500. SHA, ile bima ya afya ya serikali, pale kwao walikuwa hawachukui nilipoenda, ilikuwa ni mfukoni. Ni pesa nyingi na sitajifanya si nyingi. Lakini nilipiga hesabu ya pedi, 200 kwa wiki, mwaka mzima ni 10,400, na hizo nilikuwa nalipa miaka yote bila kulalamika kwa mtu. Saa zao hawaziheshimu, ukiambiwa saa nne jua ni saa tano, beba mboga ukachambue. Wakikubali kulipwa kidogo kidogo waulize, mimi walinikubalia ziara mbili za mwisho. Ile karatasi ya mkojo imeandikwa Kizungu chote, nilimtafsiria mama mmoja pale benchi, sijui ni kwa nini hawajaweka ya Kiswahili na ya Kijaluo kwa mji huu.

Matokeo. Ziara ya mwisho nilipimwa nikapata 4 kwa 5, nashikilia sekunde 10 mara 10. Kwenda chooni ni mara 8, siku ya chai nyingi 9. Kitunguu cha jioni kinakuja tu siku nimebeba magunia. Chafya sina habari nayo. Tuta la Kondele nalipita nikiendelea na hadithi. Kitu hakijaisha ni nikiwa na homa na kikohozi cha mfululizo, ile ya tano sita bila kupumzika, hapo ya mwisho inaniponyoka, na kuruka kamba na watoto bado sijathubutu. Aliniambia nisiache mazoezi nikiona nimepona, misuli inasahau, na nimeshaona kweli, nilisafiri Ahero kwa matanga wiki mbili nikazembea na nikalipa.

Jumapili moja niliruka. Si sana. Wakaimba ule wa mwisho na nikajipata juu, na mama mchungaji akanielekezea kidole kwa furaha, ati ile roho imetoka.

Nimerudi pale Alhamisi iliyopita, si kwa ajili yangu, nimempeleka mdogo wa mume wangu aliyejifungua juzi. Pazia bado ni lile lile la kijani. Kwa hivyo nilikuwa nimebeba leso mbili na pini za nguo nane, nikaziba upande wote mpaka ukutani. Msichana wa mapokezi akaja akaniuliza hizo ni za nini, nikamwambia aniulize polepole.